Amonia Itoke Wapi? Vidokezo kwa Anayeanzisha Tangi la Samaki Mafia

Tangi jipya linaweza kuwa na maji maangavu na mchanga mweupe, na bado likaua samaki ndani ya wiki. Muuaji ni amonia, ambayo samaki mwenyewe huitoa kupitia matamvua yake mchana na usiku. Katika Ghuba ya Chole amonia hiyo haimdhuru, kwa kuwa bahari ni pana, na mchanga na miamba yake imejaa bakteria wanaoila. Kwenye kioo cha lita 100 kilichowekwa sebuleni Kilindoni au mapokezi ya nyumba ya wageni Utende, bakteria hao bado ni wachache mno. Inabidi uwalee kwanza, wiki kadhaa kabla ya samaki kuingia, na chakula chao ni amonia ileile.

Hapo ndipo wengi hukwama. Maelekezo mengi ya ufugaji wa samaki wa mapambo hutaja chupa za amonia iliyotengenezwa mahususi kwa matangi, kitu ambacho usitarajie kukikuta katika maduka ya Mafia. Lakini vipo vitu vya kawaida vinavyofanya kazi hiyo, vingine vizuri kabisa. Havilingani, na tofauti zake ndizo zinazoamua kama tangi litaiva kwa mwezi mmoja au litakusumbua miezi mitatu.

1. Usimfanye samaki kuwa chanzo cha amonia

Watu wengi huanza kwa kutia samaki wawili watatu “wa kujaribia maji”. Ni njia ya zamani, na inafanya kazi kwa maana kwamba bakteria hatimaye huja. Ila samaki hao huishi wiki nzima katika maji yanayounguza matamvua yao, na wengi hufa. Aliyetolewa kwenye mwamba akiwa mzima hakustahili hilo. Kwa kuwa amonia inapatikana bila yeye, sioni sababu yoyote ya kumtesa.

2. Fahamu hatua mbili kabla ya kutia kitu chochote

Kundi la kwanza la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Kundi la pili huchelewa kukua, kwa hiyo kutakuwa na siku ambazo amonia imekwisha na nitriti imepanda hadi rangi ya kipimo inakuwa nzito kupita kawaida. Usishtuke. Miligramu 2 za nitrojeni ya amonia kwa lita zikigeuzwa zote hutoa miligramu zaidi ya 6 za nitriti, maana nitriti hubeba na oksijeni juu ya nitrojeni. Nambari kubwa hapo si ishara kwamba umeharibu.

Kwa kawaida safari nzima huchukua wiki tatu hadi sita. Joto la Mafia ni msaada mkubwa: bakteria hawa hufurahia nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, kwa hiyo kifaa cha kupasha maji moto, ambacho wenzetu wa nchi za baridi hawawezi kukikwepa, wewe hukihitaji.

3. Chaguo la kwanza: mbolea ya SA

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote. SA ni salfeti ya amonia, mojawapo ya mbolea za kukuzia zinazojulikana kwa wakulima wa Tanzania. Kwenye mfuko utaona nambari 21, yaani asilimia 21 yake ni nitrojeni, na nitrojeni hiyo yote iko katika umbo la amonia. Haihitaji kuoza wala kusubiri kitu kingine. Ikiyeyuka tu, bakteria wanaanza kula.

Sehemu ya pili ya mbolea hiyo, salfeti, huwatisha baadhi ya watu. Kwa tangi la maji ya bahari haina uzito wowote: lita moja ya maji ya bahari tayari ina salfeti ya kiasi cha gramu 2.7. Kiasi unachoongeza kwa dozi moja hakifikii hata asilimia moja ya hiyo. Kwa tangi la maji baridi la perege au samaki wengine, kiasi hicho pia ni kidogo, na sehemu kubwa utaimwaga mwishoni utakapobadilisha maji.

Uzuri mkubwa wa SA ni kwamba inapimika. Yeyusha gramu 10 katika lita moja ya maji safi, kisha tia mililita moja ya mchanganyiko huo kwa kila lita ya tangi. Tangi la lita 100 litachukua mililita 100, sawa na gramu moja tu ya mbolea, na litapata nitrojeni ya amonia ya miligramu 2 hivi kwa lita, kiasi kinachofaa kuanzia. Kama huna mizani ndogo, mwombe sonara akupimie hizo gramu 10. Mililita utazipata kwa bomba la sindano jipya kutoka duka la dawa. Chupa moja ya lita itakutosha safari nzima na kubaki.

Ukinunua, chagua yenye chembe nyeupe, kavu, isiyotiwa rangi wala kuchanganywa na virutubisho vingine. Huhitaji mfuko wa kilo 50. Mkulima unayemfahamu au muuza pembejeo Dar es Salaam atakupa kiganja kimoja, na ndicho unachohitaji. Kuna jambo moja la usalama ambalo nalisisitiza: chembe zake zinafanana na sukari. Zifunge kwenye chupa yenye kifuniko kigumu, andika jina kwa herufi kubwa, uiweke mbali na jiko na watoto.

4. UREA inafaa, ila inavizia

UREA ndiyo watu wengi huikuta kwanza, na kwenye mfuko ina nambari kubwa, 46, kwa hiyo huonekana kuwa bora kuliko SA. Tatizo ni kwamba UREA ikiyeyuka bado si amonia. Lazima kwanza ivunjwe na kimeng'enya cha bakteria wengine, na katika tangi jipya hao nao ni wachache. Unatia leo, unapima kesho, kipimo kinasema hakuna kitu. Unatia tena. Siku kadhaa baadaye yote inavunjika kwa pamoja, na amonia inaruka hadi kiwango kinachowakwamisha hata wale bakteria uliokuwa unawalea.

Kama ndiyo pekee iliyopo, tia chini ya nusu gramu kwa lita 100, mara moja, kisha vuta subira hadi kipimo kianze kuonyesha mabadiliko. Kipimo cha amonia hakiioni UREA yenyewe, kwa hiyo kalamu na daftari ndivyo vitakavyokukumbusha ulichokwisha kutia.

5. DAP, CAN na NPK ziache shambani

DAP ni mbolea ya kupandia, imejaa fosfeti, na fosfeti katika tangi huzaa mwani wa kijani kila mahali. CAN ina nusu ya nitrojeni yake katika umbo la nitrati tayari, kwa hiyo unatia mwanzo na mwisho wa safari kwa pamoja na vipimo vyako vinapoteza maana. NPK ina kila kitu. Kama mfuko hauna jina linalosomeka, usiutumie.

6. Chaguo la pili, nalo liko mlangoni: kamba mbichi

Ng'ambo ya Mafia, upande wa bara, kuna delta ya Rufiji, eneo maarufu kuliko yote nchini kwa uvuvi wa kamba. Kwa hiyo kama huna mbolea, kamba mmoja mbichi kutoka kwa mvuvi anaweza kuanzisha tangi. Anaoza, protini yake inavunjika, amonia inatoka polepole.

Tufanye hesabu. Kamba mbichi ana protini ya karibu asilimia 20, na asilimia 16 hivi ya protini ni nitrojeni. Kamba wa gramu 10, basi, hubeba nitrojeni ya miligramu 320. Akioza wote ndani ya lita 100, atatoa miligramu 3 na kidogo kwa lita. Hiyo inatosha kabisa. Watu hutupa kamba watatu, wanne, wakidhani wingi ni baraka, halafu maji yanageuka meupe kama ya tui na nyumba nzima inanuka.

Mfunge kamba kwenye kipande cha chandarua kisichotiwa dawa au soksi nyembamba safi, umning'inize kwenye maji, ili mabaki yake yasipotelee kwenye mchanga. Kipimo kikifika miligramu 2 au 3, mtoe. Bakteria wanaoozesha nyama hula oksijeni kwa kasi, na ndio wanaoyafanya maji yawe na ukungu. Ukungu huo hupita, lakini pampu ya hewa isizimwe wakati huo hata kidogo. Na funika tangi, maana paka wa Mafia hawahitaji kuelezwa kamba yuko wapi.

Udhaifu wa kamba ni kwamba huwezi kumwambia atoe kiasi gani leo na kiasi gani kesho. Mwishoni, unapotaka kujaribu kama tangi limeiva, unahitaji dozi kamili inayojulikana, na hapo kamba hakusaidii. Ndiyo maana namweka wa pili.

7. Dagaa na chakula cha samaki

Dagaa wa pwani wa kuanikwa wengi huchemshwa kwanza kwa maji ya chumvi. Kwenye tangi la maji baridi waepuke. Kwenye tangi la bahari wanakubalika, ila hawana faida yoyote inayomzidi kamba.

Chakula cha samaki cha dukani, chenye protini ya asilimia 35, hufanya kazi pia: gramu 4 hivi kwa lita 100, zikioza zote, hufikia kiwango kilekile cha miligramu 2. Zitie kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Utapata na fosfeti bila kuiomba, na uchafu wa kufyonza kwenye mchanga.

8. Chupa za usafi: tikisa kwanza

Amonia ya maji ya kusafishia vioo na sakafu huuzwa katika baadhi ya maduka makubwa ya mijini. Soma kibandiko: kinachotakiwa ni amonia na maji peke yake. Kikitaja manukato, rangi au sabuni, irudishe rafuni. Kisha itikise chupa. Povu likikaa juu badala ya kupotea mara moja, mna sabuni ndani, na sabuni huharibu matamvua ya samaki utakaowaweka baadaye.

Mambo mawili ya usalama. Usiichanganye kamwe na Jik au dawa yoyote yenye klorini, kwa sababu mvuke unaotoka huumiza mapafu na unaweza kuua mtu katika chumba kilichofungwa. Na usiitie kwenye begi la ndege ya kwenda Mafia, kwa kuwa amonia kali ya maji imo katika mizigo ya hatari. SA, ambayo ni chumvi kavu, haina usumbufu huo. Itapanda boti ya Nyamisati pamoja na unga na mchele, ikiwa imefungwa vizuri na mbali navyo.

Kama una mtu katika maabara ya shule au duka la kemikali, kloridi ya amonia ni safi kuliko vyote nilivyotaja, na gramu 0.6 hadi 0.75 kwa lita 100 inatosha. Haiwi namba moja kwangu kwa sababu tu ni ngumu kuipata.

9. Mkojo, hapana

Huulizwa mara nyingi, kwa hiyo nijibu. Mkojo una UREA, basi una kasoro zote za kidokezo cha nne, na juu yake fosfeti, chumvi na mabaki ya dawa ulizomeza. Tangi la mapokezi ya wageni lisianzishwe hivyo.

10. Nunua kipimo kabla ya tangi

Bila kipimo cha amonia na cha nitriti unabahatisha. Vile vya matone hudumu kuliko vya karatasi katika unyevunyevu wa kisiwani, navyo itabidi uviagize Dar es Salaam au mbali zaidi. Hakikisha kadi ya rangi ina safu ya maji ya bahari, kwa kuwa rangi hutofautiana na za maji baridi.

Lenga miligramu 2 kwa lita. Ikishuka chini ya 0.5, tia dozi nyingine. Usivuke 5, kwani juu ya hapo bakteria wa hatua ya pili hudumaa. Nitriti ikipanda mno, simamisha dozi siku mbili tatu, uwaache wafikie.

Zingatia pia pH. Sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka karibu mara kumi pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, na maji ya bahari yana pH ya karibu 8.1. Ndiyo sababu kiwango ambacho perege wa bwawani angekivumilia humuua samaki wa miamba.

11. Pampu, umeme na kivuli

Kuteketeza miligramu moja ya nitrojeni ya amonia, bakteria hutumia oksijeni zaidi ya miligramu 4. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28 hubeba oksijeni ya miligramu 6 na kidogo tu kwa lita. Hesabu hiyo inaeleza kwa nini pampu ya hewa haizimwi. Umeme ukikatika usiku, pampu ndogo ya betri au ya sola huokoa kazi ya wiki nzima. Sponji ya chujio ndiyo makazi ya bakteria wako, kwa hiyo ikae mahali maji na hewa vinapita bila kukoma.

Liweke tangi kivulini na taa zizimwe hadi litakapoiva. Kwenye mwanga mwani hula amonia kabla ya bakteria.

12. Maji yenyewe

Kilindoni iko upande wa magharibi, unaotazama Rufiji. Wakati wa masika mto humwaga maji baridi na tope, na chumvi ya bahari hushuka. Upande wa Ghuba ya Chole maji ni safi zaidi, kwa sababu bahari kuu huingia na kutoka kupitia mlango wa Kinasi. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mahali boti zinapofungwa. Utende iko ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo pita kwanza ofisini kwao uulize.

Kwa tangi la maji baridi, maji ya kisima kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe huwa na chokaa nyingi, nayo hulinda pH isianguke bakteria wanapofanya kazi. Maji ya mvua peke yake hayana ulinzi huo. Maji yaliyotiwa dawa ya klorini yakae wazi siku nzima na pampu ikiwaka.

13. Bahari si ghala la vipuri

Kuna atakayekushauri uchukue jiwe hai la mwambani, lililojaa bakteria, uokoe wiki tatu. Ni kweli lingefanya kazi. Lakini Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995 chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994, na matumbawe na samaki wake si vitu vya kujichukulia. Matumbawe haya yaliumia vibaya sana kwa joto la bahari la mwaka 1998. Jiwe moja kwa kila tangi ni mawe mengi.

Badala yake, omba kipande cha sponji chenye uchafu kutoka kwenye chujio la tangi la mtu lililokwisha iva, na lenye maji ya aina moja na yako. Kisafirishe kikiwa na unyevu, kisiive kwa jua. Hiyo peke yake yaweza kupunguza kusubiri kwa nusu. Na samaki wa kufuga, awe kitatange au mwingine yeyote wa miamba, ulizia kibali Utende kabla hajavuliwa.

14. Mtihani wa mwisho

Tia dozi kamili ya miligramu 2. Baada ya saa 24 pima amonia na nitriti. Zote mbili zikisoma sifuri, rudia kesho yake. Zikisoma sifuri tena, tangi limeiva. Badilisha sehemu kubwa ya maji ili kuondoa nitrati iliyojikusanya, asilimia 70 au zaidi, bila kuiosha sponji ya chujio kwa maji ya klorini.

Kama samaki bado hawajafika, endelea kuwalisha bakteria robo ya dozi kila baada ya siku mbili, la sivyo idadi yao hupungua. Samaki wakifika, anza na wawili, si kumi. Pima kila siku katika wiki ya kwanza, na ukiona amonia inapanda, badilisha maji siku hiyohiyo na usiongeze samaki mwingine hadi kipimo kirudi sifuri.